Bawaba ya Ngigi

Nakuru,
5 Septemba 1954

Kwa ndugu yangu Ngigi wa Kang'ethe,

Nakusalimu sana, na kama barua hii imepita mikononi mwa wengine kabla ya kukufikia, nawasalimu na hao pia. Mimi sijambo, ila mgongo.

Ni mwaka na miezi tisa sasa tangu mpakiwe kwenye malori mkarudishwa kwenu. Mimi bado nakarabati baisikeli pale pale, kwenye veranda ya duka. Upande wako wa benchi sijaweka kitu. Hapana, nisiseme uongo, nimeweka debe la mafuta, lakini siku nyingine nalitoa. Upepo wa ziwani bado unafika saa nane mchana na lile vumbi lake jeupe la magadi, na Mama Chepchirchir wa uji bado anafunika sufuria kwa leso huku akiutukana. Juzi aliniuliza, "Yule Mkikuyu wako mwenye kelele hajarudi?" Nikamwambia hajarudi. Akamimina vikombe viwili, kimoja akakiweka pale ulipokuwa ukikaa. Nilikunywa vyote, usinikasirikie.

Unaikumbuka baisikeli ya Bwana Miwani? Naiwaza sana. Mzungu mzima alivyokuja na kofia yake ya kuendeshea ndege, analalamika kwamba akitua Naivasha au Kitale ndege inabaki kwenye majani na yeye anatembea maili nne mpaka mjini kama karani aliyefukuzwa kazi! Alitaka baisikeli ya kukunjwa katikati, iingie nyuma ya kiti cha ndege. Mafundi wote wa mjini wakamcheka. Wewe hukucheka. Ulikaa kimya siku tatu, na kwako hiyo ni ajabu. Siku ya nne ukachukua msumeno ukakata fremu nzima, mpya, katikati, na mimi nikatoka nje nisije nikaitwa shahidi.

Hebu nikumbushe, ni mazungumzo tu: ile bawaba ya katikati uliifanyaje hata ikashika? Siku ile ulinipa mgongo.

Msalimie mkeo Wachuka, na binti yenu Wariara.

Ndugu yako,
Dalmas Makokha


Nakuru,
12 Septemba 1954

Kwa Mama Khisa, Kimilili,

Nanyama, haya ninayokuandikia usimsomee mama.

Bwana Miwani alikuja tena mwezi uliopita. Rafiki zake wenye ndege wameiona baisikeli yake na wanataka za kwao, sita. Mmoja wa Naivasha anataka hata pikipiki ndogo ya kukunja, Mungu amsaidie. Akaniuliza mbele ya mwenye duka, "Ni wewe uliyeitengeneza ile?" Nikasema ndiyo.

Neno lilitoka lenyewe. Baadaye nilijiambia kwamba kulitaja jina la Ngigi siku hizi za Hali ya Hatari ni kujiitia askari. Lakini kisha yule bwana akasema shambani kwake Njoro, kando ya kiwanja cha ndege, kuna nyumba ya mawe ya vyumba viwili na banda la kazi, na fundi wake ataruhusiwa kukaa humo na mke na watoto. Baada ya hapo sikuhitaji kujiambia kitu.

Miaka sita, Nanyama, ndoa yetu iko kwenye bahasha. Nilipokuja Pasaka, Khisa alinipa mkono kama anayemsalimu mwalimu. Nililia chooni, sikukuambia.

Shida ni moja tu. Bawaba siiwezi. Nimefanya mbili, zote zimefunguka. Ya pili ilifunguka nikiwa juu yake karibu na stesheni, nikabaki nimekalia nusu ya nyuma huku nusu ya mbele ikielekea Kisumu. Watu walicheka mpaka wakaketi. Ngigi alijua siri yake na aliifanya akiwa amenigeuzia mgongo, kama fundi mchoyo. Nimemwandikia. Sikumweleza kwa nini nauliza.

Anza kukusanya vyombo polepole.

Mumeo,
Dalmas


Gathirimu, Fort Hall,
10 Oktoba 1954

Makokha, mwizi wa uji,

Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, kwa hiyo tulioisoma ni wengi, na wote tumekubaliana kwamba ungeniachia kikombe changu.

Tumehamishiwa katika kijiji kipya. Nyumba zimebanana, jirani akikohoa mimi ndiye ninayepona. Kuna handaki pande zote na lango moja. Kazi ninayopata ni kuziba sufuria na kunoa majembe. Hapa hakuna hata kengele ya baisikeli, na siku nyingine nazungusha gurudumu la toroli la kubebea mawe ili nisikie tu kitu kikizunguka vizuri. Wachuka anasema nimerukwa na akili. Nawaza Nakuru usiku na mchana. Nawaza ile filimbi ya treni ya kutoka Kisumu, wewe unainua kichwa kila mara kama kuna mtu wako ndani, ukiona hakuna unarudi kwenye spoki zako. Nawaza ndege wekundu wa ziwani. Tulikuwa tukiwaona kila siku na hatukuwahi kwenda kuwatazama, tunasema Jumapili, Jumapili. Twende siku moja, bwana.

Wariara ana homa na kifua kinabana. Siku tatu hajala. Tunaomba.

Sasa, eti nilikupa mgongo! Miaka yote umekuwa ukifikiri nakuficha? Ule ulikuwa upepo, mjinga wewe! Moto wa kuunga kwa shaba haupendi upepo wa ziwani, unayumba, shaba inaingia upande mmoja na upande wa pili inakataa. Mgongo wangu ulikuwa ukuta. Ungeuliza tu, ningekusimamisha ng'ambo, tungekuwa kuta mbili na kazi ingekwisha mapema.

Ndani ya bomba la fremu kuna bomba jingine jembamba, na pini inayosukumwa na springi. Hayo ndiyo yote. Lakini vipimo ni lazima viwe sawasawa, la sivyo utaanguka mbele ya watu.

Ngigi


Nakuru,
24 Oktoba 1954

Ndugu yangu Ngigi,

Asante kwa barua. Nimecheka sana.

Kuhusu lile bomba la ndani: urefu wake ni vidole vingapi? Pini inapita juu ya kiungo au chini? Na springi ni ya namna gani, ya kiti au ya breki? Maneno hayatoshi. Nichoree tafadhali kwenye karatasi, bomba na pini na springi, na vipimo pembeni. Usichelewe, kuna mtu anataka kujua.

Upepo ni ule ule. Mama Chepchirchir anakusalimu.

Makokha


Gathirimu,
5 Desemba 1954

Baba Khisa,

Mimi ni Wachuka. Naandika mwenyewe, mwandiko wangu si mzuri.

Ngigi amekamatwa. Alikuchorea ulichokiomba, alikaa siku mbili akichora, akatumia hata rula ya mwalimu. Karatasi haikupita. Walikuja askari wanne wakiwa nayo mkononi. Unajua watu wa msituni wanatengeneza bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango. Basi walipoona bomba, na pini, na springi ya kuisukuma pini, na chini yake "kwa Makokha, usimwonyeshe kila mtu," hakuna aliyetaka kusikia kitu kingine. Ngigi akawaambia ni baisikeli. Wakamuuliza baisikeli gani inayokunjwa? Wakacheka. Wamemweka kwenye seli ya bwana mkubwa wa wilaya na wanamuuliza maswali kila siku.

Kesi ni baada ya mwaka mpya. Mwenye bunduki ananyongwa, Baba Khisa. Wanasema hata anayeitengeneza.

Niliruhusiwa kumwona mara moja. Alisema maneno haya tu: "Mwambie Makokha alete ile baisikeli ya mzungu, aseme ni kazi ya nani." Hana mtu mwingine wa kusema. Wewe peke yako ndiye uliyekuwapo.

Wariara alipona. Nakuambia kwa kuwa hukuuliza.

Wachuka


Nakuru,
12 Desemba 1954

Nanyama,

Nakutumia barua ya Wachuka ndani ya hii. Isome kwanza.

Umesoma? Sasa niambie nifanye nini. Nimefika mara mbili mpaka njia ya Njoro nikarudi. Nikisema kazi ni ya Ngigi, Bwana Miwani atajua nilimdanganya, na yule mtu alimfukuza mpishi kwa sababu ya yai. Nyumba imekwenda. Na nikienda kumtetea mtu wa bunduki, mimi ndiye niliyeandikiwa ile karatasi, jina langu liko chini yake. Si wataniuliza nilitaka bomba la nini? Wanaweza kunishika na mimi, mbaki hamna mtu.

Nikinyamaza, labda wataona wenyewe kwamba si bunduki. Wana watu waliosoma.

Nimeipata nyumba, Nanyama. Niliiona. Ina dirisha la kioo na mti wa matunda damu nyuma. Nilisimama mlangoni nikahesabu kitanda chetu kitakaa wapi na watoto watalala wapi. Nilikusikia ukifokea kuku.

Nijibu haraka.

Dalmas


Kimilili,
19 Desemba 1954

Baba Khisa,

Mwaka ule nilipokuja kukutembelea Nakuru na uchungu ukanishika kabla ya siku zake, wewe ulikimbia kutafuta gari ukarudi baada ya saa tatu bila gari. Aliyempokea Khisa ni Wachuka. Mikono yake ilimshika mtoto wako kabla ya yangu. Akanipa blanketi lake na yeye akajifunika gunia, na Ngigi akakaa mlangoni akisimulia upuuzi ili nisiogope. Hayo hukuyaandika kwenye barua yako, ndiyo maana nakukumbusha.

Unaniuliza ufanye nini. Unanitaka niseme "nyamaza" ili baadaye iwe ni mimi niliyesema. Sisemi.

Nilikuwa nimefunga vyungu vitatu, godoro na picha ya baba. Leo asubuhi nimevifungua vyote na kuvirudisha mahali pake. Nilipokuwa nikivifungua nililia, usifikiri mimi ni jiwe. Niliitaka hiyo nyumba kuliko ulivyoitaka wewe. Lakini nitalalaje ndani yake?

Nenda, Dalmas. Ukishikwa, nitakuja na watoto tukae nje ya lango la hiyo seli na Wachuka.

Nanyama


Nakuru,
16 Januari 1955

Kwa Mama Khisa,

Nimekwenda. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa.

Nilimkuta Bwana Miwani kwenye kiwanja chake cha ndege, amelala chini ya bawa akikaza kitu. Nikayatoa yote nikiwa nimesimama, kwamba bawaba si yangu, kwamba nilidanganya, na kwamba aliyeifanya atanyongwa kwa ajili yake. Alitoka pale chini polepole. Alinitukana kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili nielewe vizuri. Akaniita mwongo mara nne. Mwishoni akauliza, "Wanasema baisikeli yangu ni bunduki?" Nikasema ndiyo, bwana. Hilo ndilo lililomwinua. Hakwenda kwa huruma, Nanyama, usije ukamsifu kanisani. Alikwenda kwa sababu hakuna wa kumwambia baisikeli yake ni bunduki.

Siku ya tatu alinipakia kwenye ndege! Mimi! Baisikeli imekunjwa nyuma ya kiti, magurudumu mawili pamoja kama masikio ya sungura aliyelala, nami mbele yake nimeshika kila kinachoshikika. Tulipita juu ya Nyandarua, msitu mweusi chini yetu, nikaanza kuungama dhambi za tangu nikiwa darasa la pili. Tukatua kwenye majani. Bwana akaitoa baisikeli, akaifungua, akaniambia, "Panda, tangulia, wakuone nayo." Maili tatu mpaka kwa bwana mkubwa wa wilaya niliendesha mimi, na yeye alinifuata kwa miguu akiwa amekasirika. Njiani nilikuwa na hofu ya bawaba kwa mazoea, lakini ile haikutikisika hata kidogo. Kazi ya Ngigi.

Ofisini nikaulizwa, wewe ni nani? Nikasema, mimi ndiye Makokha wa kwenye ile karatasi. Askari wawili wakasogea. Nikasema, mchoro niliuomba mimi, na niliuomba kwa kuwa nilikuwa nimeiba jina la mwenzangu na sikuweza kazi yake. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Karani aliacha kupiga taipu.

Wakamleta Ngigi. Nanyama, sikumtambua, amepungua nusu. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Hakunitazama. Aliitazama baisikeli, akaisogelea, akachuchumaa na kuipapasa pale kwenye kiungo. Akavuta pini kwa mkono wa kushoto, baisikeli ikalala chini kimya. Akaiinua, ikafunga. Tak. Chumba kizima kilisikia. Wakaweka ile karatasi kando ya kiungo, mstari kwa mstari. Yule mkubwa mwenyewe akaipeleka nje, akaipanda, akazunguka mlingoti wa bendera mara mbili, magoti yamemfika kifuani. Alirudi akisema kitu kwa Bwana Miwani, wakacheka wote wawili, kana kwamba ilikuwa mchezo tangu mwanzo.

Wamemwachilia. Kurudi Nakuru hapana, wamekataa. Kijijini tu.

Tulipewa muda mfupi pale nje. Nilitaka kumpigia magoti. Nikasema, "Ngigi, nisamehe." Akaniangalia hatimaye, akasema, "Umezeeka, Makokha." Kisha Wachuka akaja akikimbia kutoka langoni, nikajitenga.

Nyumba ya Njoro amepewa dereva wa trekta. Bwana aliniambia tulipotua, bila kuzima injini. Sasa niko veranda, na upepo umeanza. Niambie Khisa anaendelea vipi, na umwambie baba yake amepanda ndege.

Dalmas


Gathirimu,
27 Februari 1955

Kwa Dalmas Makokha,

Wachuka ndiye anayeandika, mimi nasema. Vidole viwili vya mkono wa kulia havirudi. Fundi wa mifupa amevitazama akatikisa kichwa. Kushika toroli naweza, kushika moto siwezi tena.

Nilikukasirikia. Nataka ulijue hilo na usilipunguze. Nikiwa kule ndani nilizisoma barua zako upya kichwani, maana nazikumbuka zote, nikaona katika ile ya pili umeuliza habari za bomba, pini na springi, na mtoto wangu aliyekuwa mgonjwa hukumuulizia. Nilijiambia, huyu hakunikumbuka kamwe, alikuwa anachimba tu. Kisha nikakumbuka na yale mengine, jinsi ulivyogawa mkate ukaninyima nusu ndogo miaka minne mfululizo, ukachukua wewe. Mtu anaweza kuwa yote mawili. Nimechoka kupima lipi ni zito.

Ulikuja. Ulisimama mbele ya wazungu ukajiita mwizi, nami nilikuwa nyuma ya mlango nasikia. Najua sasa ni nini ulikuwa unakiacha, Nanyama amemwandikia Wachuka habari za ile nyumba. Basi.

Sichori tena, kuchora kumenitosha. Nasema kwa maneno, nawe usikilize. Bomba la ndani ni vidole vinane, vinne kila upande wa kiungo. Pini inapita chini, kamwe si juu, ili uzito wa mtu uikaze badala ya kuisukuma. Springi ni ya breki, ukate mizunguko miwili. Uunge asubuhi kabla ya upepo, na kama huna budi kuunga mchana, mwite yeyote asimame nyuma yako.

Kuna jambo lililonifanya nikutafutie karatasi. Wiki iliyopita yule mkubwa aliyezunguka bendera alikuja mpaka hapa kijijini. Watu walijificha. Alikuwa ananitafuta mimi. Yeye na rafiki yake mwenye ndege huko Nyeri wanataka baisikeli mbili za kukunja. Alisema anajua sasa ni kazi yangu, na angependa kuona jina langu limegongwa kwenye fremu. Nikamwonyesha mkono. Aliutazama, akatazama pembeni. Akauliza, basi ni nani mwingine anayeijua kazi hii?

Wachuka alinikanyaga mguu. Nikamwambia yuko mmoja tu, nimemfundisha mwenyewe. Nikakutaja jina.

Ngigi wa Kang'ethe